Kupanga chumba Dar es Salaam: angalia mita, karo la choo na nauli kabla ya malumalu

Dalali akikupigia kwamba kuna chumba masta (chenye choo na bafu ndani), malumalu chini, jipsamu juu, fensi na geti, amekutajia vyote vinavyoonekana kwa macho. Mita ya umeme iko ya wangapi, karo la choo linajaa mara ngapi, kutoka hapo hadi kazini ni gari ngapi, hayo hayataji usipomuuliza. Na hayo ndiyo yatakayokutoa hela kila mwezi baada ya kuhamia.

Anza na hesabu ya hela ya kuingilia. Wenye nyumba wengi Dar wanataka kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo, wengine mwaka mzima. Dalali naye huchukua kodi ya mwezi mmoja. Kwa hiyo chumba cha 100,000 kwa masharti ya miezi sita kinakutaka uwe na 700,000 mkononi, kabla hujalipa gari la kuhamisha vyombo, kitasa kipya na pazia. Ukiwa na 600,000 kamili, tafuta cha 80,000. Kukopa ili ujazie kodi ya chumba ni kuanza maisha mapya na deni la zamani.

Halafu piga hesabu ya nauli, maana hapa ndipo wengi wanajidanganya. Tuseme umepata cha 70,000 mbali na cha 100,000 karibu, na kila daladala unayopanda ni 600. Cha karibu ni gari moja kwenda na moja kurudi: 1,200 kwa siku, 31,200 kwa siku 26 za kazi. Cha mbali ni gari mbili kwenda, mbili kurudi: 62,400. Ile 30,000 uliyookoa kwenye kodi imeliwa yote na makonda, na bado hujahesabu bodaboda ya kutoka kituoni usiku. Nenda ukajaribu mwenyewe: fika kituo cha mtaa ule saa kumi na mbili asubuhi siku ya kazi uone kama magari yanapita yamejaa. Mitaa ya katikati ya njia ina taabu hiyo. Anayepanda mwanzo wa ruti anakaa, wewe unaning'inia mlangoni.

Mwendokasi, yaani mabasi yenye njia yake maalumu, nao umebadilisha hesabu za mitaa. Tangu mabasi yaanze 2016 kati ya Kimara na katikati ya mji, "dakika tano kwa mguu hadi kituoni" imekuwa sifa ya kuuzia chumba. Zitembee hizo dakika tano mwenyewe. Za dalali mara nyingi ni za bodaboda.

Dalali mwenyewe mtumie kwa kipimo. Hela ya kuonyeshwa mkubaliane mapema ni kiasi gani na ni kwa vyumba vingapi, siyo kwa kila mlango anaougusa. Bajeti yako mtajie pungufu kidogo ya uliyonayo, maana lazima atakupeleka kwanza kwenye kilichozidi. Kodi ya mwezi mmoja mpe baada ya kumlipa mwenye nyumba na kushika funguo, si kabla.

Ukifika kwenye chumba, usitazame dari kwa kulisifia jipsamu. Tafuta madoa ya kahawia, ndiyo bati linalovuja. Kwenye kuta tazama chini: mstari wa unyevu au rangi iliyobanduka kwa usawa mmoja kuzunguka nyumba nzima ni alama ya maji ya mvua. Rangi mpya iliyopakwa futi mbili za chini tu, huku juu ni ya zamani, isome hivyo hivyo. Kama unaweza, kikague wakati wa masika, Machi hadi Mei, au vuli, Oktoba hadi Desemba. Mabondeni kama Jangwani na Kigogo, pembeni ya Mto Msimbazi, hakuna haja ya uchunguzi: mto ukijaa, maji yanaingia ndani, na serikali imekuwa ikiwalipa watu fidia waondoke bonde hilo. Ukiona alama ya X ukutani, yaani nyumba imewekewa alama ya kubomolewa, au nyumba imeikaribia sana barabara kuu, uliza serikali ya mtaa. Mwaka 2017 nyumba nyingi za kando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kwenda Kibaha, zilivunjwa kupisha upanuzi, na wapangaji walihama pamoja na wenye nyumba.

Dirisha moja na bati lisilo na dari maana yake Januari utalala barazani kwa joto. Madirisha ya aluminiamu ya kuteleza yanafunguka nusu tu, kwa hiyo dirisha kubwa linakupa hewa ya dirisha dogo.

Sasa umeme, na hapa usiwe na haraka. Kwanza uliza: LUKU, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, ni ya kwangu peke yangu au ya nyumba nzima? Tanesco, shirika la umeme, ina kundi la watumiaji wadogo, D1, wanaolipa shilingi 100 kwa uniti, kabla ya kodi na tozo, ilimradi wasizidi uniti 75 kwa mwezi. Kundi la kawaida, T1, uniti ni 292. Nyumba ya vyumba saba kwenye mita moja haiwezi kubaki chini ya 75, kwa hiyo wewe mwenye balbu tatu na feni unalipia bei ya mwenye friji na jiko la umeme. Uniti 40 kwa D1 ni 4,000; kwa T1 ni 11,680. Kama kuna submita, yaani mita ndogo ya chumba chako, uliza mwenye nyumba anakutoza uniti kwa shilingi ngapi, kisha linganisha na risiti yake ya LUKU. Kama hakuna submita na mnachanga sawa kwa sawa, uliza nani ana friji, nani ana pasi ya biashara. Ugomvi wa nyumba za kupanga unaanzia hapo kuliko kwenye zamu ya kufagia uwanja.

Kuna jambo lingine kwenye LUKU: kodi ya jengo. Tangu 2021 inakatwa humo humo kila mwezi. Nyumba ikikaa miezi kadhaa bila mtu kununua umeme, deni linajikusanya, na anayenunua wa kwanza ndiye anayekatwa lote. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo. Mwambie mapema anunue umeme kidogo mbele yako ili deni lionekane, au muandikiane kwamba mtakata kwenye kodi ya pango.

Maji yajaribu kwa kufungua bomba, tena mchana na jioni. Ya kisima yaonje: ya chumvi utaogea, ya kunywa na kupikia utanunua kwa dumu. Ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar, omba kuona bili ya mwisho, kwa sababu deni liko kwenye akaunti ya nyumba na wakija kukata hawatauliza nani aliyakoga. Choo uliza lini karo lilinyonywa mara ya mwisho na nani analipa gari la maji taka. Sehemu za chini, maji ya ardhini yakipanda wakati wa mvua, karo linajaa haraka hata likiwa limenyonywa juzi.

Rudi tena Jumamosi saa nne usiku. Baa, spika za mkesha na fundi wa kuchomelea havisikiki saa tano asubuhi ya Jumanne.

Kabla ya kulipa, ongea na mpangaji mwingine bila dalali kusikia: mnamlipa nani? Matapeli hupata funguo kwa mpangaji anayehama na kukipangisha chumba kimoja kwa watu watatu. Lipa benki au kwa simu, na jina linalotokea kabla hujathibitisha liwe lile lililo kwenye mkataba na kitambulisho cha NIDA cha mwenye nyumba. Mkisaini kwa serikali ya mtaa, mbele ya mashahidi, ni bora zaidi. Mkataba utaje kodi, tarehe za kuanza na kuisha, notisi ni miezi mingapi, nani anatengeneza nini, na kwamba kodi haipandi kabla ya muda kuisha.

Siku ya kuhamia, kirikuu (kigari cha mizigo) ipatane bei ikijumuisha kupakia na kushusha, la sivyo mlangoni utaanza mnada mpya. Piga picha ya mita ya umeme, mita ya maji na kila ufa uliokuta. Badili kitasa siku hiyo hiyo. Ndani ya wiki ya kwanza jitambulishe kwa mjumbe na ofisi ya serikali ya mtaa. Barua ya utambulisho utaihitaji benki au kazini, na hawawezi kumwandikia mtu wasiyemjua.