Kupima mawimbi ya Ziwa Victoria ukiwa gatini

Mwanafunzi wa sekondari wa Mwanza anaweza kufanya jaribio zima la mawimbi bila kuingia maabara. Vifaa ni simu yenye stopuwochi, chupa tatu za maji za nusu lita, kamba, mawe na futi kamba. Usiingie majini: kando ya ziwa kuna kichocho, na penye matete mamba hawakosi. Kila kitu kifanyike juu ya gati, mkiwa wawili au zaidi.

Chagua gati lililosimama juu ya nguzo. Ukuta wa zege huyarudisha mawimbi, yakakutana na yanayokuja, na hapo chupa moja itarukaruka huku nyingine ikitulia. Ghuba iliyojaa magugu maji nayo haifai, kwa kuwa magugu huyaua mawimbi madogo. Mchana, upepo ukivuma kutoka ziwani, mawimbi huwa makubwa na rahisi kuhesabu. Boti ikipita, subiri mawimbi yake yaishe.

Jaza kila chupa maji hadi theluthi mbili ili izame kiasi upepo usiisukume. Ifunge kwenye jiwe kwa kamba inayozidi kina cha maji kwa nusu yake. Kamba ikikaza, chupa haitapanda na wimbi. Chupa mbili ziwe upande wa ziwani, zikiachana mita 10 kufuata njia ya mawimbi. Ya tatu iwe karibu na nchi kavu, penye kina cha nusu mita.

Anza na kipindi, yaani muda kutoka kilele kimoja hadi kinachofuata. Bonyeza stopuwochi chupa ikiwa juu kabisa na useme “sifuri”, kisha hesabu hadi 20. Wengi huanza na “moja”, wakapima vipindi 19 na kugawa kwa 20. Tuseme umepata sekunde 44: kipindi ni sekunde 2.2, na frikwensi, yaani idadi ya vilele kwa sekunde, ni 1 ÷ 2.2, karibu 0.45 Hz. Rudia mara tatu, maana mawimbi ya upepo hayalingani.

Kasi ndiyo inayosumbua. Fuata kilele kimoja kwa macho kutoka chupa ya kwanza hadi ya pili. Mita 10 zikichukua sekunde 2.9, kasi ni 3.4 m/s. Kidole huchelewa kama sekunde 0.2, ndiyo maana mita 3 hazitoshi: muda wote ungekuwa chini ya sekunde moja na kosa lingeumeza. Pima mara kumi, chukua wastani. Angalia pia mstari wa chupa. Mstari ukikaa mshazari, kilele huonekana kwenda kasi kuliko kilivyo. Ukiachana na njia ya wimbi kwa nyuzi 60, utapata kasi mara mbili ya ile halisi.

Urefu wa wimbi, yaani umbali kutoka kilele hadi kilele, ni kasi mara kipindi: 3.4 × 2.2, karibu mita 7.5. Kuna njia ya kujihakiki. Kwenye maji yenye kina kinachozidi nusu ya urefu wa wimbi, kasi ni 1.56 mara kipindi, hivyo hapa ni 3.43 m/s. Lakini kina kinatakiwa kiwe karibu mita 4. Gati lako likiwa fupi, pima siku yenye mawimbi madogo. Ya kipindi cha sekunde 1.5 yana urefu wa mita 3.5 na yanatosheka na kina cha mita 1.8.

Sasa njoo kwenye chupa ya tatu, hapa ndipo penye utamu. Hesabu tena hadi 20. Kipindi ni kilekile, 2.2! Hakuna kilele kinachopotea njiani, kwa hiyo vinavyoingia ndivyo vinavyofika. Kasi ndiyo iliyoshuka, hadi karibu 2.1 m/s, na urefu wa wimbi ukabanwa hadi mita 4.5 hivi. Fomula ya maji mafupi, kipeuo cha pili cha (9.8 × kina), inakupa 2.2 m/s, inazidi kidogo kwa sababu nusu mita bado si kina kifupi vya kutosha kwa wimbi hili. Tazama pia vilele vinavyokuja mshazari: upande unaotangulia penye kina kifupi hupunguza mwendo, ule mwingine unaufikia, wimbi zima likageuka kuelekea ufuko.

Mwanga unapoingia majini hufanya vivyo hivyo. Frikwensi haibadiliki, kasi hushuka kutoka kilomita 300,000 kwa sekunde hadi karibu 225,000, na miali hupinda. Ndiyo maana samaki anaonekana juu kuliko alipo. Kupima, weka sarafu ndani ya jagi la kioo lenye maji ya sentimita 20, halafu shikilia sarafu ya pili nje, ikigusa kioo. Tazama wima kutoka juu, ukiipandisha sarafu ya nje mpaka zote mbili zisogee pamoja unapotikisa kichwa kushoto na kulia. Kutoka uso wa maji hadi sarafu ya nje utapata karibu sentimita 15. 20 ÷ 15 ni 1.33. Ukipata 1.5 au zaidi, ulitazama mshazari; ukipata chini sana ya 1.33, huenda ulipimia ukingo wa jagi badala ya uso wa maji.