Jaribu kipande kwenye kompyuta kabla ya kukata chuma

Anza na umbo ambalo jibu lake unaweza kulikokotoa kwa mkono. Katika FreeCAD, programu ya bure ya kuchora na kujaribu vipande, chora mstatili wa mm 20 kwa 5, ufunge kwa vipimo, uuvute mm 100. Chagua chuma chenye ugumu wa kunyumbuka (moduli ya Young) wa MPa 210,000; MPa moja ni niutoni moja kwa kila milimita ya mraba. Zuia uso wa ncha moja, sukuma uso wa ncha ya pili kuelekea chini kwa niutoni 100, ili kipande kipinde kwenye ule unene wa mm 5. Ncha ishuke karibu mm 0.76. Ikishuka kidogo mno, elementi, yaani vipande vidogo ambavyo programu hugawanya umbo na ambavyo kwa pamoja huitwa wavu, ni za daraja la kwanza: kingo zake haziwezi kupinda, ndiyo maana zimekakamaa. Weka za daraja la pili, ambazo kingo zake zaweza kupinda. Mkazo, yaani nguvu ya ndani kwa kila eneo, usome kwenye uso wa juu, katikati ya urefu: MPa 60. Wa kwenye kona iliyozuiwa usiuamini kamwe, kwani hupanda kila unapofanya wavu kuwa laini zaidi.