Kutambua redio na rada za Vita Kuu ya Pili ya Dunia, hatua kwa hatua

Namba iliyo kwenye kibati cha kifaa cha kijeshi mara nyingi ni ya kipande kimoja, si ya mtambo mzima. Wengi hupotelea hapo.

Hatua ya 1: Usichomeke, usisugue

Kapasita za karatasi za enzi hizo huvuja umeme. Transfoma nyingi za vifaa vya ndege ziliundwa kwa umeme wa hezi 400 au zaidi. Ukiziunganisha na ule wa hezi 50, chuma cha ndani hushiba sumaku na waya huungua.

Mishale na namba za mita zenye rangi iliyogeuka hudhurungi huenda zina radiamu, hata kama hazing'ai tena gizani. Kilichochakaa ni kemikali ya kung'aa. Radiamu yenyewe huchukua takriban miaka 1,600 kupungua nusu. Usifungue kioo cha mita, usikwangue, na ukishashika, nawa.

Hatua ya 2: Piga picha

Laza tochi ubavuni mwa kibati ili herufi zilizofifia zitoe kivuli. Vumbi liondoe kwa brashi laini tu, kwa sababu mihuri ya wakaguzi ilipigwa kwa wino na tina (kiyeyusho cha rangi) huifuta mara moja. Piga pande zote, kisha ndani: kila valvu (taa ya kioo ya elektroniki iliyotumika kabla ya transista), kila soketi.

Hatua ya 3: Soma namba

Jeshi la nchi kavu la Marekani liliita mtambo mzima SCR na kipande chake BC. BC-1000 ni redio yenyewe ndani ya mtambo wa mgongoni SCR-300. SCR-584 ni rada ya kuelekezea mizinga ya kutungulia ndege. Kuanzia 1943 ulikuja mfumo wa AN (Army-Navy, wa jeshi la nchi kavu na la majini): katika AN/APS-4, A ni ndege, P ni rada, S ni kutafuta. Kipande huandikwa kabla ya mkwaju: R-28/ARC-5 ni kipokezi cha AN/ARC-5. Namba ya oda inayoishia na 43 inaonyesha mwaka wa oda, si lazima wa kutengenezwa.

Kwa Uingereza, tafuta mshale mpana wa mali ya serikali. Herufi AM chini ya taji ni za Wizara ya Anga, na namba ya ghala huanza na 10: R1155, kipokezi cha ndege za mabomu, ni 10D/98. Angalia AP: kwenye kifaa cha jeshi la majini ni namba ya kifaa, lakini kwenye nyaraka za jeshi la anga ni namba ya kitabu.

Hatua ya 4: Hakikisha kwa valvu na umbo

Kibati huhamishwa, kwa hiyo usikiamini peke yake. Valvu ya kijeshi ya Uingereza ina jina la kiraia pia: VR91 ni EF50, VR65 ni SP61. Kwa Wajerumani jina lenyewe linaeleza: RV12P2000 ni pentodi (valvu yenye elektrodi tano) ya kukuza mawimbi, ya volti 12.6.

Kipokezi R1355 huuzwa kama "rada" kila siku. Ikiwa na kioo cha kuonyeshea cha Aina ya 62, hiyo ni Gee, mfumo wa kuongozea ndege. Tazama kifaa kinachochomekwa mbele yake: vile vya Aina ya 24 na 25 vina swichi ya kuchagua masafa, vya 26 na 27 vina kitufe cha kuzungusha.

Mrija wa mstatili wa kupitishia mawimbi ni dalili ya rada ya mawimbi ya sentimita, iliyowezekana baada ya magnetroni (valvu ya kuzalisha mawimbi hayo) ya wanafizikia Randall na Boot, Birmingham, 1940.

Hatua ya 5: Tafuta nyaraka

Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, Kew, ina mfululizo wa AVIA 7 kuhusu utafiti wa rada. Ya Marekani ina kundi la 111 la mkuu wa mawasiliano ya jeshi. Tafuta kila namna ya kuandika namba: R1155, R.1155, 10D/98. Kisha linganisha mchoro wa saketi na picha zako, soketi kwa soketi, ukianza na plagi za nyuma, maana ndizo zinazobadilishwa zaidi na mafundi wa baadaye.