Ekseli kwanza, mota baadaye

Wenzangu wa Mbeya mnaofunga mota za umeme katikati ya gurudumu la baiskeli, chagueni yenye gia ndani. Isiyo na gia, ukipandisha mlima taratibu inapata moto sana.

Lakini kubwa zaidi ni ekseli, yaani kile chuma cha katikati ya gurudumu kinachofungwa kwenye fremu kwa nati. Mota ikisukuma gurudumu mbele, ekseli nayo inataka kuzunguka kinyume. Yangu ilizunguka nikielekea Uyole: nati zililegea, waya zikajisokota zikakatika. Mtu wa kuchomelea akanikatia kipande cha chuma cha milimita 6, tundu lake likibana zile pande bapa za ekseli, tukakikaza kwenye fremu. Hadi leo haijacheza.

Na breki, jamani! Zile za vyuma vya zamani zibadilisheni kabla hata ya kununua betri.