Siku tatu Lisbon: namna ya kupanga matembezi na milo hadi kuifikia dhahabu ya Kilwa

Kazi yangu ni kupanga safari fupi za familia na vikundi vidogo kutoka Mombasa, Dar es Salaam na Zanzibar kwenda miji ya kale ya Ulaya, na Lisbon, mji mkuu wa Ureno, ndio niliourudia mara nyingi kuliko mingine yote. Wageni wengi hunijia wakiwa wameona picha za tramu za manjano na kuta za vigae vya buluu. Nami huwaambia mapema kwamba katika jumba moja la makumbusho mjini humo kuna chombo cha dhahabu chenye jina la Kilwa kwenye kitako chake, na kwamba ni vigumu kwangu kumruhusu mtu wa pwani aondoke Lisbon bila kukiona. Mpango ninaoueleza hapa umejengwa juu ya chombo hicho, na matembezi mengine pamoja na milo yote vimepangwa kwa kukitazama.

Hatua ya 1: Anza na siku ambazo milango hufungwa

Majumba mengi ya makumbusho na majengo ya kihistoria yaliyo chini ya serikali hufungwa Jumatatu. Niliwahi kupokea familia iliyokwisha kukata tiketi za kufika Jumapili jioni na kuondoka Jumanne alfajiri. Siku yao moja nzima ikawa Jumatatu. Walizunguka nje ya kuta, wakapiga picha za milango, wakarudi nyumbani bila kuingia popote. Tangu hapo sikubali mtu akate tiketi ya ndege kabla hatujaziandika kwenye karatasi siku za kufungwa. Lenga siku tatu kamili kati ya Jumanne na Jumapili.

Jambo la pili ni ukarabati, kwa kuwa majengo ya umri huo hayaishi matengenezo. Mnara wa Belém, kwa mfano, ulifungwa mwaka 2025 kwa sababu hiyo. Kabla ya kulipa chochote, ingia kwenye tovuti ya kila mahali unapokusudia kufika, hasa ya Museu Nacional de Arte Antiga, jumba lenye chombo cha Kilwa, uhakikishe kwamba jumba liko wazi na kwamba vyombo vya dhahabu vinaonyeshwa katika tarehe zako. Kama havionyeshwi, sogeza safari.

Kuhusu majira, napendelea Aprili, Mei na Oktoba, wakati jua si kali na vyumba si ghali kama vya Julai na Agosti. Usiku wa tarehe 12 kuamkia 13 Juni, sikukuu ya Mtakatifu Antoni, vichochoro vyote vya mtaa wa Alfama hujaa moshi wa sardini za kuchoma. Ni raha kubwa kwa anayependa umati, lakini chumba kikodiwe miezi mingi kabla.

Hatua ya 2: Viza, bima na pesa

Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Schengen, yaani viza moja ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na yasipungue siku 15. Mimi huhimiza yapelekwe miezi 3 kabla, kwa sababu uamuzi unaweza kufika siku 45 na nafasi za miadi hujaa. Ada ya mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na kurasa 2 tupu, na ibaki na muda wa angalau miezi 3 baada ya siku ya kuondoka Ulaya. Bima ya safari iwe ya yuro 30,000 au zaidi. Ndugu zetu wanaoishi Ujerumani au Uholanzi kwa kibali cha ukaazi hawahitaji viza nyingine, lakini anayeishi Uingereza kwa pasipoti ya kwetu bado anaihitaji, na wengi hulisahau hilo.

Kwenye bajeti ya malazi ongeza kodi ya jiji, ambayo ni yuro 4 kwa kila mtu kwa kila usiku kuanzia umri wa miaka 13. Unapotoa pesa kwenye mashine, ikikuuliza kama ukatwe kwa yuro au kwa shilingi, chagua yuro, maana bei ya kubadilishia inayopendekezwa na mashine huwa mbaya.

Hatua ya 3: Mahali pa kulala

Lisbon ni mji wa vilima, na njia zake za miguu zimetandazwa vijiwe vidogo vya chokaa viitwavyo calçada, vilivyosuguliwa na nyayo mpaka vinang'aa. Mvua ikinyesha huteleza kama sakafu yenye sabuni. Vyumba vya Alfama vinavutia kwenye picha, lakini gari halifiki kwenye milango mingi, na nimeona akina mama wakipandisha masanduku ngazi zaidi ya mia moja. Kwa wageni wenye umri au watoto, mimi huchagua Baixa, bonde tambarare la katikati ya mji. Wanaotaka chakula halali karibu nao nawaweka upande wa Martim Moniz, ambako barabara ya Rua do Benformoso ina mikahawa na mabucha ya Waislamu kutoka Bangladesh. Viatu viwe vya soli inayoshika.

Hatua ya 4: Usafiri wa ndani

Kwenye mashine za stesheni ya metro, hapo hapo uwanja wa ndege, nunua kadi ya navegante kwa senti 50, kila mtu na yake, kisha uijaze tiketi ya saa 24 inayotumika kwenye metro, mabasi na tramu. Njia nyekundu hukutoa uwanjani. Shuka Alameda, uingie njia ya kijani hadi Martim Moniz au Rossio.

Tramu namba 28 ipande asubuhi na mapema kutoka Martim Moniz, kabla foleni haijaundika, na pochi iwe mbele yako, kwa sababu wachomozi huifuata tramu hiyo kila siku. Vichukuzi vya kamba, vigari vinavyovutwa kwa kebo kupandisha watu vilimani, usivitegemee bila kuulizia kwanza, kwani huduma zake zilisimamishwa baada ya ajali ya kichukuzi cha Glória ya tarehe 3 Septemba 2025 iliyoua watu 16.

Hatua ya 5: Jifunze menyu ukiwa bado nyumbani

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi zaidi na wageni wangu, kwa sababu mlo unaweza kuharibika kwa neno moja usilolijua. Maneno mengine tayari unayo: mesa ni meza, vinho ni mvinyo, copo ni kopo, ingawa wao huliita hivyo bilauri. Yalifika pwani yetu pamoja na Wareno, sawa na igreja, yaani kanisa, ambalo kwetu liligeuka kuwa gereza.

Ukishaketi, mhudumu huleta mkate, zeituni na jibini kabla hujaagiza kitu. Hivyo si takrima. Huitwa couvert na hulipiwa ukivila. Usipovitaka, sema kwa upole virudishwe bila kuguswa, na havitaingia kwenye hesabu. Mchana tafuta ubao ulioandikwa prato do dia, chakula cha siku hiyo, ambacho huwa cha bei nafuu na kimepikwa asubuhi ile ile. Sahani zao ni kubwa, kwa hiyo palipo na meia dose, yaani nusu, anza na hiyo. Mchana jikoni huwa wazi kati ya saa 6:30 na saa 9, na usiku kuanzia saa 1:30. Katikati ya hapo mikahawa mingi hufunga jiko.

Nguruwe yumo hata usipomtarajia. Supu ya sukuma iitwayo caldo verde huwekwa vipande vya chouriço, soseji ya nguruwe, na baadhi ya vitobosha hukandwa kwa banha, mafuta yake. Jifunze kusema «sem porco» na kuuliza «tem banha?», na usione haya kurudia swali. Wahudumu wamelizoea.

Kwa bahati, chakula chao bora hutoka baharini. Bacalhau ni samaki wa bahari ya baridi aliyetiwa chumvi na kukaushwa, mfano wa ng'onda wetu, ambaye huroweshwa kwa siku moja au mbili, maji yakibadilishwa tena na tena, kabla ya kupikwa. Ila chakula ninachowaagizia watu wa pwani kwanza ni polvo à lagareiro. Pweza huchemshwa hadi alainike, kisha huokwa pamoja na viazi vidogo vilivyopondwa kwa ngumi vikiwa na maganda yake, halafu humiminiwa mafuta ya zeituni yaliyopashwa moto na kitunguu saumu kingi. Ncha za mikono yake hukauka zikawa kama zimechomwa mkaani, na ndani nyama inabaki laini. Waliokulia kwenye pweza wa Forodhani hunyamaza wanapoonja.

Hatua ya 6: Siku ya kwanza, Baixa na Alfama

Anzia Praça do Comércio, uwanja mkubwa ulio wazi mbele ya mto Tagus. Kasri la wafalme lililosimama hapo liliangamia tarehe 1 Novemba 1755, siku ya Watakatifu Wote, kwa tetemeko la ardhi lililofuatwa na mawimbi makubwa na moto wa siku kadhaa. Mitaa iliyonyooka unayoiona nyuma ya uwanja ilijengwa baada ya hapo kwa amri ya Marquês de Pombal, waziri wa mfalme. Panda hadi kanisa la Carmo, ambalo paa lake lilianguka siku ile na halikurudishwa, usimame katikati ya matao yake yaliyo wazi kwa mbingu.

Shuka Largo de São Domingos, ambako Waafrika wa Magharibi hukutana kuzungumza na kuuza vitu. Pembeni kuna jiwe la kumbukumbu ya Wayahudi waliobatizwa kwa nguvu na kisha kuuawa na umati mwezi Aprili 1506. Ukumbuke mwaka huo. Utaukuta tena siku ya tatu.

Alasiri iache kwa Alfama. Jina lenyewe ni la Kiarabu, kwa kuwa mji ulikuwa wa Waislamu hadi ulipotekwa mwaka 1147. Usifuate ramani. Panda tu hadi Portas do Sol, ambako mapaa mekundu huteremka hadi mtoni. Usiku weka nafasi mapema kwenye nyumba ndogo ya fado, nyimbo za jadi za Kireno. Taa zikipunguzwa, vijiko huwekwa chini na hakuna anayezungumza hadi wimbo umalizike. Anayeijua adabu ya kusikiliza taarabu ya zamani hatahitaji kufundishwa.

Hatua ya 7: Siku ya pili, Belém

Panda treni stesheni ya Cais do Sodré, au tramu namba 15, hadi mtaa wa Belém ulio kando ya mto, ufike kwenye Mosteiro dos Jerónimos nusu saa kabla ya milango kufunguliwa, ukiwa na tiketi uliyoinunua kwenye intaneti. Monasteri hii ilianza kujengwa mwanzoni mwa karne ya 16 kwa amri ya mfalme Manuel I, na sehemu kubwa ya gharama ilitokana na kodi ya biashara ya Afrika na Mashariki. Nguzo zake zimechongwa kamba za merikebu, matumbawe na majani ya nchi za mbali. Ndani ya kanisa, karibu na mlango, limo kaburi la Vasco da Gama, aliyeondoka ufuko huu Julai 1497 na kufika Mombasa, kisha Malindi, Aprili 1498.

Baada ya hapo nenda kwenye duka la vitobosha la Pastéis de Belém, lililoanza mwaka 1837. Foleni ya nje ni ya wanaobeba. Wewe pita ndani, kuna vyumba vingi vya kukaa. Kila kitobosha kiliwe kikiwa moto, kwa kunyunyiziwa mdalasini. Usiku ndio wa pweza.

Hatua ya 8: Siku ya tatu, dhahabu

Zamani nilianza na jumba hili, Museu Nacional de Arte Antiga, siku ya kwanza, nikaacha, kwa sababu mtu akishaiona fahari ya Belém kwanza huelewa vizuri zaidi ilikotoka. Panda basi namba 714 kutoka Praça da Figueira hadi Rua das Janelas Verdes, kisha uliza Custódia de Belém.

Ni monstransi, chombo ambamo Wakatoliki huweka Ekaristi, mkate wao mtakatifu, ili iabudiwe, chenye urefu wa sentimita 73. Mitume 12, kila mmoja mdogo kuliko kidole na vazi lake limetiwa rangi za enameli, wamepiga magoti wakizunguka bilauri tupu ya kioo, na juu yao ananing'inia njiwa mweupe. Kazi hiyo huhesabiwa kuwa ya mfua dhahabu Gil Vicente. Mwaka 1502 Vasco da Gama aliitokea Kilwa na mizinga, akamlazimisha mtawala wake kuahidi kodi ya utii kwa mfalme wa Ureno. Dhahabu ambayo biashara ya Sofala, bandari iliyo Msumbiji ya leo, ilikuwa imeileta Kilwa ikaletwa hapa. Kabla fundi hajamaliza, mwaka 1505, mji wa Kilwa ulikuwa umekwisha kuporwa na merikebu za Wareno chini ya Francisco de Almeida. Maandishi yanayozunguka kitako yanasema kwamba mfalme aliamuru kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, na kwamba kilikamilika mwaka 1506.

Tenga saa nzima, na umpe kila mtu nafasi ya kusimama peke yake mbele ya kioo. Mzee mmoja wa Kilwa Kivinje niliyemwongoza aliinama akayafuata maandishi kwa kidole hewani, herufi moja moja, Q, V, I, L, O, A, kisha akaniomba nimwite mjukuu wake aje asome kwa sauti.

Ukimaliza, shuka kwenye bustani ya jumba, ambako kuna mkahawa unaoutazama mto Tagus. Agiza supu ya siku na samaki, na kama ndege yako ni ya jioni, ondoka hapo ukiwa na muda wa saa nne mkononi kabla ya kuruka.