Kijana Anaporefuka Haraka: Nini Kiingie Sahanini, na Saa Ngapi

Usipange chakula kwa umri tu, panga pia kwa kasi ya kukua. Kwa kawaida msichana hurefuka kwa kasi zaidi akikaribia miaka 12, mvulana karibu na 14, na katika mwaka huo anaweza kuongezeka sentimita 8 au 9. Mpime ukutani kila miezi 3, bila viatu, visigino vikigusa ukuta, kisha andika tarehe. Kipimo kikianza kuruka, ongeza chakula papo hapo.

Protini huwatia watu hofu kuliko inavyostahili. Kati ya miaka 9 na 13 hutosha gramu 0.95 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Kuanzia 14 hadi 18, gramu 0.85. Mtoto wa kilo 40 anahitaji kama gramu 38. Mayai mawili (12), vikombe viwili vya maziwa (16) na kikombe cha maharage yaliyopikwa (15) vimeshavuka hapo. Unga wa protini wa makopo ni kupoteza hela bure. Ila wanga na mafuta yakipungua, mwili huichoma protini hiyo kama kuni badala ya kujengea misuli; ndiyo maana asiyekula chakula cha kutosha kwa siku hukonda hata akila nyama usiku.

Kazi ngumu ni madini mawili yasiyopatana: kalsiamu na chuma.

Kalsiamu ni miligramu 1,300 kwa siku, na kikombe cha maziwa cha mililita 250 kina takriban 300. Mpe vikombe vitatu vya maziwa au mtindi, kiasi kinachobaki kitoke kwa samaki wadogo wanaotafunwa na mifupa yao na mboga za jamii ya kabichi. Spinachi isikudanganye: kalsiamu imo, lakini oksalati, kemikali iliyomo kwenye mboga hiyo, huifunga, ikapita tu mwilini bila kufyonzwa.

Chuma ni miligramu 8 hadi miaka 13. Baada ya hapo mvulana anahitaji 11, msichana 15 kwa sababu ya hedhi. Chuma cha nyama hufyonzwa vizuri. Cha maharage na dengu kinahitaji vitamini C, basi kamulia limau chakula kikishaepuliwa, maana moto huiharibu. Chai na kahawa zikae mbali na mlo huo angalau saa moja. Maziwa nayo huzuia chuma, hivyo yapange asubuhi na kabla ya kulala, maharage au nyama mchana.

Akichoka bila sababu, akihema kwa ngazi chache, au akitamani kula udongo au barafu, mpeleke akapimwe damu. Usimpe vidonge vya chuma kwa kukisia: vikizidi ni sumu, na wadogo zake wakivifikia hatari ni kubwa zaidi. Msichana anayejinyima chakula hadi hedhi ikasimama naye amwone daktari, kwa kuwa mifupa yake inapungukiwa wakati uleule ambao ingepaswa kujazwa.