Hakimu akikataa dhamana kwenye kesi ya unga (dawa za kulevya), panda Mahakama Kuu hivi

Nimetoka kumsaidia mama mmoja wa Kisauni, kijana wake ameshtakiwa kwa heroini, hakimu akakataa dhamana, na majirani wakamwambia kesi ya unga Kenya haina dhamana. Si kweli. Katiba ya 2010, kifungu 49(1)(h), inampa kila aliyekamatwa haki ya dhamana isipokuwa kuwe na sababu nzito za kumzuia, na unga haukutengwa.

1. Chukua karatasi ya mashtaka na nakala ya uamuzi wa hakimu yenye muhuri wa mahakama.

2. Tayarisha ombi kwa kifungu 123(3) cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, ndicho kinachompa jaji nguvu ya kutoa dhamana au kupunguza masharti. Usichanganye na 357, hicho ni cha mtu ameshahukumiwa na anakata rufaa, na huko ni kugumu zaidi kwa sababu lazima uonyeshe rufaa yenyewe ina nafasi kubwa ya kushinda.

3. Hati ya kiapo. Hapa ndipo nimeshapoteza siku nzima. Usiandike kilio, soma uamuzi wa hakimu mstari kwa mstari na kila sababu aliyotoa uijibu kwa karatasi. Huyu kijana aliambiwa hana makao maalum, na kumbe mama ana risiti za kodi ya nyumba za miaka kwenye mfuko wa plastiki chini ya godoro, hakuna aliyemuuliza! Tukaweka risiti, barua ya chifu, na barua ya anakofanyia kazi. Prosekuta akisema atatoroka, jitolee pasipoti ikae mahakamani, kama hana sema hana. Kama aliwahi kuruka dhamana sema mapema na ueleze ilikuwaje, maana itatoka tu, na ikitoka kwa polisi jaji hatakuamini tena hata kwa yale ya kweli. Mimi napenda viapo viwili, cha mshtakiwa kutoka rumande na cha mzazi, kwa sababu mzazi ndiye anajua mambo ya nyumbani. Halafu kila kiambatisho kipewe alama na kigongwe muhuri wa kamishna wa viapo (wakili anayeruhusiwa kushuhudia viapo), mimi nilirudishwa kaunta kwa risiti tatu tu ambazo hazikugongwa. Na omba ripoti ya afisa wa probesheni, akija nyumbani mwelezeni ukweli.

4. Faili, wapelekee upande wa mashtaka nakala, subiri tarehe. Siku hiyo familia ijae kortini.

5. Mdhamini mtafute kabla ya uamuzi, tafadhali. Hati ya shamba iwe kwa jina lake mwenyewe aliye hai, sio la marehemu babu, na awe na cheti cha utafutaji cha karibuni (kinachoonyesha nani ameandikishwa kama mwenye ardhi) na ripoti ya thamani. Sisi jaji alikubali Jumanne, hati ikawa ya babu, na kijana akalala ndani siku tisa zaidi mpaka mjomba alipoleta ya kwake.